Nilivyotafuta numéro vert ya mikutano kwa biashara yetu ya ndagala, mwalo mzima ukaingia kwenye simu

Wakuu, mlio kazini na mnaojifanya mko kazini, nawasalimu wote.

Hiki ninacholeta kilinitokea mimi mwenyewe. Shahidi ni mke wangu, na ni shahidi mbaya maana anacheka hadi leo. Chumvi sitaongeza. Hata ndagala zetu tunazikausha bila chumvi.

Kwa wasionifahamu: niko Baraka, territoire ya Fizi, Kivu Kusini, huku ziwani Tanganyika. Kiswahili changu kina Kifaransa ndani, mtanivumilia.

Nilisoma hadi nikapata diploma ya sekondari, halafu nikakaa. Ninaposema nikakaa, namaanisha nikakaa. Kuna watu wana paspoti. Mimi nina kiti.

Kiti chenyewe ni cha plastiki, kiko barazani, kinatazama geti. Kwetu kiwanja cha nyumba tunakiita parsela, na majirani wameniita Patron wa Parsela kwa sababu utawala wangu unaishia pale getini. Nje ya hapo ni nchi ya watu wengine.

Sasa biashara.

Tunauza ndagala kavu, nyie wa huko mnaziita dagaa. Tuko watatu.

Wa kwanza ni shangazi Mwayuma, dada wa marehemu baba. Yeye yuko mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki asubuhi. Ananunua mbichi, anakausha pamoja na kina mama wenzake, anajaza magunia.

Wa pili ni shemeji Wilondja, kaka wa mke wangu. Yuko Uvira. Anapokea magunia na kuyapandisha gari la Bukavu.

Wa tatu ni mimi, Directeur Général. Kazi ya Directeur Général ni kupokea simu.

Mteja wetu mkubwa alikuwa Sista mmoja wa Bukavu, anayesimamia chakula cha shule ya bweni ya wasichana. Muhula mzima alikuwa akichukua kwetu kidogo kidogo, kama mtu anayeonja mboga. Kisha akasema anataka mpango wa mwaka wote wa shule, magunia kila mwezi.

Wakuu, hilo kwetu lilikuwa kila kitu. Bila Sista tulikuwa tunamvizia kila mchuuzi anayepita. Shangazi alishatamka kwamba mambo yakiendelea vile, anarudi kuuza kwa kikombe sokoni na kampuni nibaki nayo mimi. Mke wangu naye alishatamka lake. Alisema Sista akituacha, nitatoka nje ya geti kutafuta kazi kama wanaume wengine.

Kwa hiyo mnaona hatari niliyokuwamo.

Tatizo likaanza hivi. Sista ni mtu makini. Alimpigia kila mmoja wetu kivyake kuuliza tunaweza kutoa magunia mangapi kwa mwezi.

Mimi nilisema ishirini. Niliipenda tu hiyo namba.

Shemeji alisema kumi na tano.

Shangazi alisema atajibu akishaziona.

Sista akanirudia. "Bwana Directeur, nimepiga simu tatu nimepata kampuni tatu. Jumatano saa nne asubuhi nataka kuwasikia wote kwa pamoja, mjibu mbele ya kila mmoja. Mkishindwa, nitachukua kwa wengine."

Nikasema, "Hakuna shida, ma sœur."

Nikakata, nikamwangalia mke wangu.

"Mutaenda Bukavu?" akauliza, na uso wake ukawa na furaha ambayo sikuipenda.

Mnaoijua barabara ya Baraka kwenda Uvira wakati wa mvua, mnajua. Unalipa nauli ili ulisukume gari. Ukifika Uvira umejaa matope hadi kwenye nyusi, na Bukavu bado. Niliifanya safari hiyo mara moja, na niliporudi nilikiomba kiti msamaha.

Nikasema sisi ni kampuni ya kisasa. Tutafanya téléconférence.

Mtaniuliza, kwa nini hamkutumia ile ya kuunganishana bure kwenye WhatsApp?

Jibu ni simu ya shangazi. Ni ya vitufe, imefungwa mpira ule wa kufungia pesa ili betri isidondoke. Na haijawahi kuwa na unite, yaani salio, ndani yake. Tangu nimjue shangazi anaishi kwa kubipu. Inaita mara moja, anakata, wewe unampigia. Hata akiwa na habari ya msiba, anabipu. Ukichelewa kumpigia, msiba unakupita.

Ndiyo maana nikaona tunahitaji numéro vert, yaani namba ambayo anayepiga halipi kitu, anayelipa ni mwenye namba. Shangazi apige hata bila unite, aingie mkutanoni, amalize.

Nikavuta kiti karibu na ukuta ambapo réseau ya simu inashika. Nikaanza kuchagua.

Siku tatu wakuu. Sijawahi kufanya kazi kiasi kile.

Huduma ya kwanza ilikuwa ya nje, kwenye internet. Ilijisifu kwamba ina namba za bure kwa nchi nyingi za dunia. Nikashuka kwenye orodha. Kuna Denmark. Kuna visiwa ambavyo ukivitazama kwenye ramani unadhani ni uchafu, ukataka kuvifuta na kidole. Kongo hii yote haikuwemo. Nikafunga.

Ya pili ilikuwa ya kampuni moja ya simu ya huku kwetu. Shemeji alienda ofisini kwao Uvira kuniulizia. Wakamwambia numéro vert ipo, tulete hati ya usajili wa kampuni, statuts, muhuri, na barua ya Directeur Général. Barua niliweza. Muhuri tulikuwa nao, una jina la kikundi cha kwaya ambacho kilishavunjika. Kuhusu usajili, tuseme kampuni yetu ilikuwa inajulikana zaidi na kuku wangu kuliko na serikali.

Ya tatu ilikuwa ya vijana fulani wa mjini, siwataji. Wao walikuwa na kitu wanachokiita essai, mkutano mmoja wa majaribio bila malipo. Dakika arobaini, watu kumi. Unapewa numéro vert, kila mtu anapiga, mnakutana ndani.

Waliniuliza kama nataka code ya siri ya kuingilia. Nikamfikiria shangazi akibonyeza code na alama ya reli mwisho wake. Nikasema hapana, mlango uwe wazi.

Nitakiri jambo hapa. Nilipojaribu namba yao niliwekewa muziki wa kusubiri, gitaa taratibu, rumba safi. Nikasikiliza hadi mwisho. Nikapiga tena. Mke wangu akaja akasikiliza naye.

Nikawachagua hao. Sikuuliza swali lingine lolote. Mtu mzima, mwenye diploma, nilichagua huduma ya biashara kwa gitaa.

Jumatatu tukafanya majaribio, mimi na shangazi tu, kwenye namba yao ya kujifunzia. Mimi niko ndani, namsubiri. Mashine ikasema kwa Kifaransa kwamba mshiriki ameingia. Nikafungua kinywa kusema karibu. Mashine ikasema mshiriki ametoka.

Kimya.

Ameingia. Ametoka.

Ameingia. Ametoka.

Mara ya tisa ndipo nikaelewa. Shangazi alikuwa anaibipu téléconférence.

Nikampigia.

"Shangazi, unafanya nini?"

"Nabipu ile numero yako! Tangu asubuhi nabipu, hainiite. Ile kampani yenu haina adabu."

"Shangazi, ile haibipiwi. Unapiga, unakaa ndani. Ni bure."

"Bure ya nani?"

"Bure tu. We haulipe."

"Na nani analipa?"

Nikasema ukweli. "Ikiisha essai, nitakuwa nalipa mimi."

"Ewe!" Nilisikia anamgeukia mtu pembeni. "Mumusikie huyu mutoto wa kaka yangu! Anasema bure, kumbe ni yeye analipa! Anakaa ku kiti kutwa, atatosha wapi?" Akarudi kwangu. "Mutoto yangu, mi siwezi kukukulia unite. Nitabipu tu, unipigie, ni heshima."

Nusu saa nzima nilimweleza kwamba siku ya Jumatano hakuna atakayelipa hata senti, si yeye, si mimi, si mke wangu, si Sista. Mwishowe akauliza:

"Kwa hiyo kila muntu anaweza kuingia na halipe?"

"Kila mtu, shangazi."

"Sawa. Nimesikia."

Wakuu, ningekuwa na akili, ningeishtukia hiyo "nimesikia."

Jumatano.

Nilioga. Nilivaa shati la harusi. Chini nilibaki na kaptula, maana ni simu. Nilikuwa na karatasi yenye ordre du jour: moja, ufunguzi na Directeur Général. Mbili, neno la Directeur Général. Tatu, magunia. Nne, mengineyo.

Mke wangu alikaa kwenye kigoda karibu yangu, anachambua sombe, majani ya muhogo. Sombe ya siku ile ilichambuliwa polepole sana.

Saa nne kamili Sista akaingia. Shemeji akaingia. Tukasalimiana vizuri, kama watu wa ofisi.

Mashine ikasema mshiriki ameingia.

"Hodi huko ndani!" Shangazi. Hakutoka. Nilitaka kulia kwa furaha. "Mumelamuka?"

"Tumelamuka, mama," Sista akajibu.

"Batoto ya masomo balilala muzuri?"

"Walilala vizuri, asante mama. Na huko nyumbani?"

"Tuko. Mvua ilinyesha usiku. Na mapadri je?"

"Wapo wazima."

Nikakohoa ili nifungue mkutano. Mashine ikasema mshiriki ameingia.

"Hodi humu!" Sauti ya mwanamke mwingine. "Ni miye mama Faila. Mumelamuka bote?"

Nikaangalia simu. Nikamwangalia mke wangu. Mke wangu akaangalia sombe.

"Shangazi," nikasema, "mama Faila ni nani?"

"Ni mwenzangu wa kukausha. Kwani ndagala nakausha peke yangu? Ulisema kila muntu."

Sasa, kwetu hapa huwezi kuingia mahali penye watu ukasalimu mmoja. Unasalimu wote, na wote wanakujibu, na wewe unauliza nyumba zao. Mama Faila akamsalimu Sista, akauliza watoto wa shule walivyolala. Akamsalimu shemeji, akauliza Uvira kama kumenyesha. Akamsalimu shangazi, ambaye alikuwa amesimama naye bega kwa bega kwenye mchanga uleule.

Akamaliza. Mshiriki ameingia.

"Hodi!" Mama Bitisho.

Upya. Wote. Watoto walilala vizuri? Walilala vizuri.

Mshiriki ameingia. Mama Anzuruni.

Walikuwa watano, mbali na shangazi, kila mmoja na simu yake. Na kwa kuwa wote walikuwa mahali pamoja, kila salamu nilikuwa naisikia mara sita kwa kuachana kidogo, kama kwaya inayogombana.

Dakika ishirini na tano zikaenda kwa salamu. Sista wa watu alijibu zote. Sauti yake haikubadilika hata kidogo, na hilo ndilo lilinitisha. Mtawa akinyamazia jambo, anamwambia Mungu.

Nikasema kwa sauti ya Directeur, "Mabibi na mabwana, tuheshimu ordre du jour."

"Nani huyo anaongea?" mama Anzuruni akauliza.

"Ni yule bwana wa mama Esther," mama Bitisho akamjibu. "Yule wa kiti."

Mama Esther ni mke wangu. Sombe ilimwagika.

Sista akakata kelele. "Jamani, nisikilizeni. Nina swali moja. Magunia ishirini kila mwezi, mnaweza?"

Nikawahi. "Bila shaka, ma sœur. Ishirini, bila wasiwasi wowote."

Halafu shangazi akaja juu.

"Nani amesema bila wasiwasi? We ulishaenda mu maji lini? Unajua ndagala inavuliwa je?"

"Shangazi, tuko kwenye mkutano..."

"Ndagala inafuata taa! Kukiwa giza, bavuvi banawasha taa, inakuja. Mbalamwezi ikiwaka, ziwa yote ni taa, ndagala itafuata gani? Ile wiki bavuvi banalala na bibi zao! Utatoa ishirini fasi gani, mu kaptula yako?"

Kuhusu kaptula alibahatisha. Lakini niliishika.

"Mama," Sista akasema, "kwa hiyo ukweli ni upi?"

"Ukweli njo huu, ma sœur. Wiki za giza tunapata mingi, hata kupita ishirini. Wiki za mbalamwezi haiko kitu. Ukitaka kila mwezi, tukaushe mingi kwa giza, tuweke. Na mvua ikinyesha siku mbili tatu, usingoje, itaoza, sitakutumia."

"Na mchanga?" Sista akauliza. "Mara ya mwisho wanafunzi walilalamika mchanga kwenye meno."

Hapo nilishaandaa jibu. Nilitaka kusema ni mchanga wa njiani.

"Ule ni wa mama Faila," akasema mama Bitisho.

"Wangu?"

"Wako! Sisi tunakausha ku waya, juu. We unaanika chini ku mchanga, unasema waya ni ya kuanika nguo!"

"We mama Bitisho, unanisema mbele ya masista?"

"Na mbele ya Uvira!" shemeji akadakia, bila kuombwa.

Ikawaka. Kibembe kikaingia, Kiswahili kikaingia, mtu akacheka, mtu akaapa kwa jina la mtoto wake. Mimi nasema "s'il vous plaît, s'il vous plaît" kama mlinzi wa benki. Shangazi anawaamuru wote wanyamaze, na yeye ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote.

Kisha mashine, kwa sauti tamu, ikasema essai imekwisha na inatushukuru kwa kuichagua.

Kimya.

Nilisikia kuku akitembea.

Nikampigia Sista. Simu inatumika. Nikapiga tena. Inatumika. Mara tano. Nikaiweka simu mapajani, juu ya kaptula, nikaanza kuhesabu kazi ninazoweza kufanya nje ya geti. Nilifika moja: kubeba maji. Nikakumbuka mgongo.

Mke wangu hakucheka tena. Alikaa chini karibu yangu, akasema polepole, "Ungenyamaza tu, baba Esther." Hilo liliniuma kuliko kicheko.

Kama saa sita hivi geti likafunguka. Shangazi Mwayuma mwenyewe, kwa miguu toka mwaloni, magamba ya samaki bado yako mikononi. Nikasimama. Nikaanza kuomba msamaha kabla hajafika.

"Kaa," akasema, na akakaa yeye kwenye kiti changu.

Akatueleza. Simu ilipokatika, Sista alimpigia shemeji, akamwuliza kama yule mama aliyemgombeza Directeur ndiye mwenye kukausha. Kisha akampigia shangazi, wakaongea muda ule wote mimi nilipokuwa naambiwa inatumika.

Sista alimwambia hivi, na shangazi alilisema kwa sauti ya Sista kabisa: "Mama, kila mwenye kuniuzia samaki kwa simu ananiambia ni directeur, na ananiambia ndiyo. Leo kwa mara ya kwanza nimesalimiwa na wenye samaki."

Mpango wa mwaka amepewa shangazi. Magunia yahesabiwe kwa wiki za giza, si kwa mwezi. Kila kitu kikaushwe kwenye waya. Mama Faila ameshaanza kutafuta waya, na hamwongeleshi mama Bitisho, ila waya wameazimana.

"Na mimi?" nikauliza.

Shangazi akaniangalia toka kwenye kiti changu.

"Ma sœur anataka muntu wa kuandika. Gunia gani imekaushwa siku gani, na nani. Mi kuandika sijui, na we ulisoma. Kesho saa kumi na mbili uwe ku mwalo."

"Asubuhi?"

"Ya mangaribi utaandika nini?"

Basi wakuu, huu ni mwezi wa tatu. Saa kumi na mbili asubuhi niko mwaloni na daftari, suruali ndefu, nanuka kile tunachouza. Kina mama wananiita Sekeretere. Nikikosea jina la aliyekausha, nafutishwa mbele ya watu. Nimejua mbalamwezi inaanza lini na inaisha lini bila kutazama kalenda, na gunia la waya na la mchanga natofautisha kwa kulishika tu. Mke wangu ameanza kunipa chai kabla sijaomba.

Nilichojifunza, kwa mwenye biashara ndogo anayetafuta huduma ya mikutano ya simu:

Kabla hujauliza bei, dakika au muziki, nenda ukakae na yule atakayebonyeza vitufe. Uone anavyopiga simu, anasimama na nani, anasalimu vipi. Mimi nilichagua huduma ya Directeur Général, na Directeur Général ndiye mtu pekee ambaye hakuwa na la kusema mle ndani.

Na ukimwambia mtu wa kwetu kwamba ni bure na mlango uko wazi, elewa umealika ukoo.

Wale vijana wa numéro vert wamenipigia wakiuliza kama nitachukua forfait, yaani kulipia kila mwezi. Nimewaambia wasubiri, lazima niulize mwaloni. Mama Anzuruni anasema tuchukue. Mama Bitisho anasema tuchukue ila mama Faila asipewe namba. Shangazi bado hajatoa neno.

Kwa hiyo mliowahi kutumia hizi huduma kwa biashara ndogo, hasa mlio Uvira, Bukavu, Kigoma na Bujumbura, njooni mseme: ipi inavumilia watu wote kusalimiana na dakika zikabaki za kazi?

Andikeni taratibu, nitasoma yote mchana. Sasa hivi mitumbwi inaingia na naitwa.